Utani Usio na Jawabu: Historia ya Kuwahukumu na Kuwadhihaki Watu Wenye Usonji

Mtani ana haki yake. Aliyelelewa pwani analijua hilo kabla hajajua kusoma. Babu humwita mjukuu wake mke wake, na mjukuu humjibu kwamba yeye hataki mume mwenye mapengo. Watoto wa mjomba na wa shangazi hutupiana maneno ambayo lau yangelitoka kinywani mwa mtu baki yangelileta ugomvi. Huko bara, hata msibani mtani huweza kuleta kichekesho mbele ya wafiwa, asikasirikiwe na mtu, na mwisho akapewa ada yake. Utani ni katika mambo yaliyotulea, na asiyetaniwa na yeyote huenda akajiuliza kama kweli ana watu.

Lakini utani una sharti lake: anayetaniwa awe na haki ya kujibu, na awe na uwezo wa kujibu. Sharti hilo ndilo lililoongoza hata malumbano ya washairi wetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu waliporushiana beti, mwanzoni mwa karne ya 19, kila mmoja alijua kwamba neno lake litarejeshwa. Kamange na Sarahani wa Pemba nao walijibizana. Shairi likitupwa, jawabu hungojewa kwa vina na mizani, na hadhira ndiyo inayopima. Sijapata kusikia mshairi aliyesifiwa kwa kumtungia beti za kejeli mtu asiyejua kutunga.

Makala haya yanakusudia kueleza habari za watu ambao kwa muda mrefu wametaniwa pasipo kuwa na jawabu, na kuhukumiwa pasipo kuwa na wa kuwasemea. Wala sitaki msomaji adhani kwamba nawanyooshea kidole wengine. Nilipokuwa mtoto, mtaani kwetu alikuwapo kijana mmoja, nami sitamtaja jina, ambaye alizijua ngarawa zote za diko letu kwa majina na kwa rangi zake. Kila asubuhi alizitaja kwa mpango ule ule, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, na ukimkatiza huanza upya. Sisi watoto tuliligundua hilo, tukalifanya mchezo. Mmoja wetu humwacha afike karibu na mwisho, kisha humtilia jina la ngarawa isiyokuwapo. Naye hurudi mwanzo, sauti ikipanda, viganja vikipigapiga mapaja, na sisi tukicheka. Siku moja tulimrejesha mwanzo mara saba. Watu wazima waliokuwa wakipita walitukemea kidogo, na baadhi yao walicheka pia. Hatukuwa tukimchukia. Tukisema tunamtania. Miaka mingi baadaye ndipo nilipotambua kwamba katika mchezo ule yeye peke yake hakuwa akicheza.

Hali aliyokuwa nayo, kama nilivyokuja kuamini, ndiyo leo inayoitwa usonji. Si maradhi ya kuambukizana, wala si wazimu. Ni namna ya ubongo kukua, inayoonekana tangu utotoni na kudumu umri wote. Mwenye usonji huona tabu kuzisoma ishara ambazo wengine huzisoma bila ya kufundishwa: jicho, nyusi, kimya, neno lenye maana mbili. Hupenda mpango usiobadilika. Huweza kurudia maneno au mienendo. Huweza kuumizwa na kelele, mwanga au mguso ambao mwengine hata hausikii. Wataalamu huisema hali hii kuwa ni wigo, kwa sababu wako wasiosema kabisa na wanaohitaji kusaidiwa maisha yao yote, na wako wanaosomesha katika vyuo vikuu. Ni kama bahari: maji ni yale yale, lakini pana kina cha kifundo cha mguu na pana kina kisichopimika.

Jina la hali hii lina umri usiofika miaka mia moja, bali watu wenyewe si wapya. Na kabla ya jina hilo kuja, lugha zote zilikwisha kuwa na majina yake. Kiswahili chetu hakikubaki nyuma: zuzu, bwege, zezeta, taahira, punguani. Litazame neno hili la mwisho. Punguani ni aliyepunguka. Ndani ya neno moja pana mzani, pana kipimo, na pana hukumu iliyokwisha kutolewa.

Mahakama ya Edinburgh

Mfano wa zamani ulioandikwa kwa ukamilifu zaidi watoka Uskoti. Katika kijiji cha Borgue, kusini-magharibi mwa nchi hiyo, aliishi bwana mmoja mwenye ardhi jina lake Hugh Blair, aliyezaliwa karibu na mwaka 1708. Baba yake alikufa yeye akiwa mtoto, akalelewa na mama. Alipokaribia umri wa miaka 40, mama alimtafutia mke, Grizel Mitchell, binti wa tabibu wa mji wa jirani, wakaoana. Mwaka 1747 ndugu yake mdogo, John, alikwenda mahakamani Edinburgh kuomba ndoa ile ibatilishwe, kwa hoja kwamba Hugh hana akili ya kufahamu maana ya ndoa.

Mashahidi 29 waliitwa, na maneno yao yakaandikwa. Walisema kwamba Hugh hakosi maziko, amjue marehemu au asimjue. Kwamba kanisani ana mahali pake pa kukaa, na hataki pengine. Kwamba hukusanya manyoya ya ndege na vijiti. Kwamba huingia majumbani mwa jirani saa zisizo za kuingia. Kwamba nguo zake huzitia viraka vya vitambaa alivyovikata kutoka nguo nyengine. Kwamba ukisema naye hurudia maneno yako, kama mwangwi pangoni. Mahakama ilipompa maswali yaliyoandikwa, hakuyajibu, aliyanakili. Basi ndoa ikabatilishwa.

Mwaka 2000 mwanahistoria Rab Houston na mwanasaikolojia Uta Frith walitoa kitabu kuhusu kesi hiyo. Walizisoma upya karatasi zile zile, na yale yaliyokuwa ushahidi wa upungufu wa akili wao wakayaona kuwa ni alama za usonji, moja baada ya moja. Ni kazi kubwa. Lakini mimi, kila nikiifikiria kesi ile, huyaona mambo mengine mawili.

La kwanza ni kwamba Hugh Blair aliishi Borgue miaka karibu 40 na tabia zake zile zile, na hapakuwa na aliyemfikisha mbele ya kadhi. Alikuwa na kiti chake kanisani, alikuwa na nafasi yake makaburini, na alijulikana hadi viraka vya nguo zake. Kilichompeleka mahakamani si manyoya aliyoyakusanya. Ni urithi. Hugh akipata mtoto wa ndoa, mali itakwenda kwa mtoto huyo. Asipopata, itakwenda kwa ukoo wa John. Kwa hiyo, mambo ambayo jana yalikuwa vichekesho vya kijijini, leo yaligeuzwa kuwa hati ya mashtaka. Wahenga walisema kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha. Kila kicheko kilichopata kuchekwa juu ya Hugh kilikuwa akiba, na siku ilipohitajika ikatolewa.

La pili ni kwamba Grizel hakuondoka. Baada ya hukumu aliendelea kuishi na Hugh, wakapata watoto wawili wa kiume. Mahakama ilimsikiliza kila mtu aliyekuwa na la kusema juu ya mtu yule, na huyu aliyekaa naye nyumba moja akatoa jawabu lake kwa kubaki.

Lakabu kabla ya jina

Kutoka Uskoti ya karne ya 18 natuvuke hadi Moscow ya mwaka 1925. Daktari wa watoto wenye matatizo ya akili, mwanamke jina lake Grunya Sukhareva, aliandika juu ya wavulana sita aliowaangalia kwa muda katika skuli iliyokuwa ndani ya hospitali. Maelezo yake yanalingana kwa kiasi cha kushangaza na yale ambayo waganga wengine wangeyatoa miaka karibu 20 baadaye, ingawa kwa muda mrefu hakuna aliyemkumbuka. Katika maandishi yake mna jambo dogo ambalo wasomaji wengi hulipita. Wavulana wale, asema, walichekwa na wenzao tangu walipoingia skuli, wakashushwa cheo miongoni mwao, na wakapachikwa lakabu ya mashine ya kusema.

Lakabu hiyo yastahili kutazamwa na wapenzi wa lugha. Watoto wa Moscow walikuwa wamelifahamu jambo la kweli: hawa husema kwa wingi, kwa namna moja, bila ya kumwangalia msikilizaji kama kachoka. Waliliona kabla ya madaktari kulipa jina. Ila ukali wa macho yao haukuwafundisha upole. Walichofanya ni kumvua mwenzao utu na kumvisha chuma. Lakabu zote za namna hii hufanya kazi hiyo moja, na ndiyo maana haziwi utani. Utani humvuta mtu karibu. Lakabu hii humwondoa katika jamii ya watu akawekwa katika jamii ya vitu.

Jina lenyewe lilikuja katika miaka ya vita vikuu vya pili. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa Baltimore, Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11. Mwaka 1944 Hans Asperger wa Vienna alichapisha yake. Wote wawili walilitumia neno ambalo Eugen Bleuler wa Uswisi alilibuni zaidi ya miaka 30 nyuma kwa maradhi mengine, nalo lilitokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nafsi.

Asperger aliliona wazi suala la dhihaka. Alieleza jinsi mtoto wa aina hii anavyoonekana uwanjani au njiani akienda skuli, amezungukwa na kundi la watoto wanaomzomea, naye ama anarusha ngumi kwa hasira asiyoweza kuizuia, ama analia bila ya msaada. Mmoja wa wavulana aliowaeleza, aliyemwita Fritz, alirudishwa na skuli siku yake ya kwanza kwa madai kwamba hafundishiki. Asperger alimtetea, na akawatetea wenzake, akisema kwamba wanaweza kusoma, kufanya kazi na kuwa na manufaa kwa umma. Kwa miongo mingi alisifiwa kwa utetezi huo.

Hapa ndipo historia inapotutaka tutulie. Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alichapisha yale aliyoyakuta katika nyaraka za Vienna. Wakati wa utawala wa Wanazi ilikuwapo mjini humo taasisi iliyoitwa Am Spiegelgrund, ambamo watoto wapatao 789 walikufa kati ya mwaka 1940 na 1945, wengi wao kwa kuuawa kwa dawa au kuachwa wadhoofike, kwa sababu walihukumiwa kuwa ni mzigo. Czech alionyesha kwamba mwaka 1941 Asperger aliwaandikia watoto wawili wa kike, wenye ulemavu mkubwa wa ubongo, wapelekwe huko. Wote wawili walikufa humo.

Mtu yule yule aliyeona uchungu wa mtoto anayezomewa njiani, kalamu yake ndiyo iliyoandika barua zile. Wengine wamejaribu kuueleza mgongano huu kwa hofu ya zama zile, wengine kwa tamaa ya cheo. Mimi nasema tu kwamba utetezi wake ulikuwa na shimo tangu mwanzo. Aliwatetea watoto wake kwa sababu wana manufaa. Na ukishakubali kwamba haki ya kuishi hupimwa kwa manufaa, umekwisha kuijenga mizani. Aliyebaki ni wa kuwekwa juu yake akakutwa mwepesi. Neno punguani, kumbe, halikai katika Kiswahili peke yake.

Zamu ya wazazi

Baada ya vita hukumu ilihama, ikatoka kwa mtoto ikamwangukia mama. Mwaka 1949 Kanner aliandika kwamba wazazi wa watoto aliowaona walikuwa wakavu wa mapenzi, na akawafananisha watoto hao na kitu kilichotiwa ndani ya friji isiyoyeyushwa barafu yake. Mfano huo ukasambaa kuliko alivyokusudia. Bruno Bettelheim wa Chicago, ambaye mwenyewe alipitia kambi za mateso za Dachau na Buchenwald, aliutilia nguvu katika kitabu chake cha mwaka 1967, akimlinganisha mtoto mwenye usonji na mfungwa wa kambi, na hivyo, kwa hesabu hiyo, kumlinganisha mzazi na mlinzi wa kambi. Maelfu ya wanawake waliambiwa na watu wenye digrii kwamba mtoto wao hasemi kwa sababu hawakumpenda.

Aliyesimama kupinga alikuwa baba na mwanasaikolojia, Bernard Rimland, mwenye mtoto wa kiume wa hali hiyo. Kitabu chake cha mwaka 1964 kilionyesha kwamba chanzo ni cha kimwili. Mwaka 1969 Kanner mwenyewe alisimama mbele ya mkutano wa wazazi akawatangaza kuwa hawana hatia. Alitumia neno la mahakamani, kama hakimu anayefuta hukumu yake mwenyewe. Mwaka 1977 utafiti wa Susan Folstein na Michael Rutter juu ya pacha ulionyesha wazi kwamba nasaba ina sehemu kubwa katika jambo hili.

Tusiwacheke Wamarekani kwa friji yao. Katika miaka ya 2010 watafiti walizungumza na wazazi na wahudumu wa Kilifi na Mombasa, wenyeji wa dini na makabila mbalimbali, wakawauliza sababu za usonji. Baadhi walitaja matatizo ya uzazi, homa na nasaba. Lakini yalitajwa pia mashetani, uchawi na laana. Wazazi walieleza jinsi wanavyonyanyapaliwa na jinsi gharama na uchovu wa malezi unavyowaelemea. Huko Chicago mama aliambiwa hakupenda. Huku pwani mama huambiwa alipita pasipopitwa, au alikosana na mtu, au nyumba yao ina deni. Maneno ni mbali mbali, na kesi ni ile ile: mtoto ni ushahidi, na mama ni mshtakiwa. Naye, akijua kwamba barazani wanamsema, humfungia mtoto ndani. Hivyo mtoto hukosa jua, hukosa wenzake, na hukosa hata nafasi ya kuzoeleka.

Mji wa Forest

Kuzoeleka ndiko kunakonileta kwa mtu wa mwisho katika historia hii. Miongoni mwa watoto 11 wa Kanner, wa kwanza katika orodha alikuwa Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Mwaka 1937, hajatimiza miaka minne, wazazi wake walishauriwa wampeleke katika taasisi na wajaribu kumsahau. Walimpeleka. Baada ya mwaka mmoja hivi, wakamtoa kinyume cha ushauri wa daktari. Baba akamwandikia Kanner barua ya kurasa 33 kumweleza mwanawe, na barua hiyo ndiyo iliyokuwa chemchemi ya mengi aliyoyaandika Kanner baadaye.

Mwaka 1942 Donald alipelekwa kuishi na mume na mke wakulima karibu na mji wao. Alikuwa akipenda kuhesabu; mkulima yule akamwacha ahesabu mistari ya mahindi huku akilima. Alikuwa akipenda kupima. Akaachiwa apime kina cha kisima. Alimaliza skuli, akahitimu Chuo cha Millsaps mwaka 1958, akafanya kazi katika benki ya mji wao, akacheza gofu, na akasafiri peke yake hadi nchi zaidi ya 30. Alikuwa na mizaha yake: aliwapa watu namba badala ya majina, na akiwapenda huwarushia mipira ya kufungia karatasi. Alikufa Juni 2023, akiwa na umri wa miaka 89.

Waandishi John Donvan na Caren Zucker walipofika Forest kutafuta habari zake, ambazo walizichapisha mwaka 2010, wenyeji waliwapa maonyo. Zaidi ya mtu mmoja aliwaambia kwamba wakimdhuru Don, wajue watatafutwa. Mji mzima ulikuwa umejifanya jamaa yake.

Ni haki kusema kwamba Donald hakuanza mtupu. Benki ile ilikuwa ya jamaa zake, na jina la ukoo wake lilikuwa na uzito. Mtoto mweusi wa Mississippi ya zama za ubaguzi, au mtoto wa kabwela popote, asingelitarajia mlango huo kufunguka. Hata hivyo mali peke yake haimfanyi jirani akupende. Jambo lililofanyika Forest laweza kufanyika penye mali na pasipo mali: watu walimzoea tangu utotoni, wakazikubali namba zake kuwa ni salamu.

Na bado pana kisa kimoja kisichoniondoka moyoni. Alipokuwa kijana, wenzake walimwuliza jengo la skuli yao lina matofali mangapi. Akalitazama, akataja idadi papo hapo. Habari zikaenea kwamba Donald ana kipaji cha ajabu, na hadithi hiyo ikamlinda kwa miaka mingi. Uzeeni aliulizwa alifanyaje. Akasema hakuhesabu, alitaja tu idadi iliyomjia, kwa kuwa alitaka vijana wale wamwone mtu wa maana.

Yule waliyedhani hajui lililo ndani ya mioyo ya wengine, alilijua hilo barabara. Alijua kwamba mtu wa namna yake haruhusiwi kuwa mtu wa kawaida. Ama awe kichekesho, ama awe muujiza. Akauchagua muujiza. Nasi mara nyingi tunapowatetea watoto hawa huwatafutia muujiza: huyu anajua hesabu, yule anachora, mwengine amehifadhi juzuu kadhaa. Sifa hizo ni njema, lakini zikiwa ndiyo masharti ya heshima, tumerejea kwenye mizani ya Vienna. Na yule asiyehesabu wala kuchora, afanye nini?

Jawabu lilipopatikana

Nilianza kwa kusema kwamba dhihaka hii haikuwa na jawabu. Tangu miaka ya 1980 jawabu limeanza kusikika. Temple Grandin, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1947, alifukuzwa skuli akiwa msichana kwa kumrushia kitabu mwenzake aliyemdhihaki. Mwaka 1986 akatoa kitabu chake mwenyewe, akieleza usonji kutoka ndani, na baadaye akawa profesa wa elimu ya mifugo. Alipokuwa mtoto kitabu kilikuwa kitu cha kurusha, kwa kuwa maneno hayakumjia haraka. Mwaka 1993 Jim Sinclair aliwaambia wazazi waliokusanyika Toronto kwamba wasimlilie mtoto aliye hai kana kwamba amekufa. Waomboleze ndoto yao ikiwa lazima, kisha wamgeukie mtoto aliyepo. Mwaka 2012 mwanazuoni wa Uingereza, Damian Milton, naye mwenye usonji, alitoa hoja kwamba kutofahamiana huku ni kwa pande mbili: ikiwa yeye hatusomi sisi, sisi nasi hatumsomi yeye, lakini mmoja tu ndiye anayeitwa mgonjwa. Ni kama mtu wa Pate na mtu wa Makunduchi wakutane, kila mmoja na lahaja yake, kisha ihukumiwe kwamba mmoja wao hajui kusema.

Mwishoni mwa mwaka 2007 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 2 Aprili kuwa siku ya dunia ya kuujua usonji. Ni jambo jema. Ila tumeona Vienna kwamba kujua si sawa na kuhurumia.

Lugha yetu ina methali mbili ambazo wazee hututolea tukimcheka mwenye kasoro. Ya kwanza yasema mcheka kilema hafi bila kumfika. Ya pili yasema kabla hujafa hujaumbika. Zimewazuia wengi, nami nazishukuru. Lakini ya kwanza yatuzuia kwa hofu: usicheke usije ukapatwa nawe. Yamfanya mwenye hali hiyo kuwa adhabu inayotembea. Ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa kuwa haimtazami yeye, yatutazama sisi. Kuumbika kwetu hakujesha, na namna tunavyomtendea asiyeweza kutujibu ni sehemu ya umbo hilo.

Narudi dikoni. Kati ya wavuvi wa wakati ule alikuwapo mzee mmoja ambaye kila asubuhi, akishuka na kasia begani, husimama mbele ya kijana yule. Humsikiliza akizitaja ngarawa zote, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, bila ya kumkatiza. Akimaliza, mzee humwambia, "Naam, mwanangu, zote zimo." Kisha huenda zake baharini, na kijana hutulia hadi adhuhuri. Sisi tulidhani mzee yule ana subira nyingi. Leo nikihesabu naona haikuwa nyingi hata kidogo. Muda aliosimama ulikuwa mfupi kuliko mchezo wetu.